Metali ya Jino Ikipita Motoni: Mwongozo wa Kuilinda Isilike

Krauni ya kauri yenye kiini cha metali haifiki kinywani kabla haijapita motoni mara nne au tano. Kwanza metali huyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Kisha huingia tanuruni peke yake ili iote oksidi ya kushikia kauri, mara nyingi kati ya nyuzijoto 950 na 1,010. Hurudishwa tena na tabaka la kwanza la kauri linaloficha weusi wa metali, halafu na kauri ya umbo na rangi ya jino, na mwisho kwa ajili ya kupata mng'ao. Kila safari hubadilisha kitu ndani ya metali na juu yake, hata pale jicho lisipoona tofauti. Ndiyo maana aloi iliyonunuliwa na cheti safi cha kustahimili ulikaji inaweza kutoka tanuruni ikiwa dhaifu kuliko ilivyoingia.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya fundi sanifu wa maabara ya meno, daktari anayemwagizia kazi, na mgonjwa anayetaka kujua amewekewa nini kinywani. Jambo moja lishikwe tangu mwanzo: moto ni sehemu ya ubora wa aloi, sawa na kilichomo ndani yake. Ukisimamiwa vizuri huiimarisha. Ukiachwa ovyo huiharibu, na uharibifu huo hujitokeza miezi au miaka baadaye, ufizini.

Kinachoilinda metali kinywani

Kinywa ni mahali pagumu kwa metali. Mate yana chumvi na oksijeni, joto kwa kawaida hukaribia nyuzijoto 37, na bakteria walioganda kwenye utando wa meno hutengeneza asidi usiku na mchana. Soda ya kola ina pH ya karibu 2.5, na maji ya ndimu hayako mbali na hapo. Salfa inayotoka kwenye chakula na kwa bakteria hushambulia fedha na shaba na kuzitia weusi. Tena metali mbili za aina tofauti zikigusana ndani ya mate, umeme mdogo hupita kati yake na ile iliyo dhaifu huanza kulika.

Aloi hujilinda kwa njia mbili. Dhahabu, platini na paladiamu haziingiliani na oksijeni na asidi kwa urahisi, hivyo hujilinda kwa asili yake. Nikeli, kobalti na chuma haziwezi kujitetea hivyo. Zenyewe hutegemea kromiamu, ambayo ikikutana na hewa hujifunika kwa utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu. Utando huo haupitishi maji wala ioni kwa urahisi, na ukikwaruzwa hujirudi wenyewe, mradi chini yake kuna kromiamu ya kutosha. Molibdenamu husaidia kuzuia vishimo vidogo vinavyoanza pale utando unapotoboka.

Moto hugusa ulinzi huu kwa njia tatu. Huhamisha elementi kutoka sehemu moja ya metali hadi nyingine, ukazitawanya sawasawa au ukazikusanya mahali pamoja. Hunenepesha oksidi ya juu kwa kuvuta kromiamu kutoka chini yake. Na hulegeza mkazo uliobaki baada ya metali kumiminwa, kupindwa au kuchapwa kwa leza. Fundi anayejua ni lipi kati ya hayo matatu linatokea kwenye tanuru lake anajua pia la kufanya.

Nikeli na kromiamu chini ya kauri

Aloi za nikeli na kromiamu zilienea kwa sababu ya bei. Hadi Agosti 1971, pale Rais Richard Nixon wa Marekani alipokata uhusiano wa dola na dhahabu, bei rasmi ya wakia moja ya dhahabu ilikuwa dola thelathini na kitu. Januari 1980 ilipita dola 800. Maabara za meno zilihitaji metali ya bei nafuu inayoshika kauri, na nikeli ikachukua nafasi. Bado inatumika sana katika nchi nyingi ambako mgonjwa hulipa mwenyewe.

Hapa moto huleta shida ya kwanza. Katika nyuzijoto 1,000, kromiamu na nikeli zote hukimbilia juu kuungana na oksijeni. Oksidi inayoota huwa mchanganyiko wa zote mbili, na metali iliyo chini yake hupungukiwa na kromiamu. Aloi yenye kromiamu nyingi na molibdenamu ya kutosha hustahimili upungufu huo. Aloi iliyokuwa na kromiamu haba tangu mwanzo hubaki na utando usioziba vizuri, na nikeli hupata njia ya kutoka.

Kwa hiyo soma lebo kabla ya kununua. Chagua aloi yenye kromiamu isiyopungua asilimia 20 na molibdenamu isiyopungua asilimia 4. Hesabu pia safari za tanuru. Kauri ikipasuka na kurekebishwa, rangi ikikataliwa na kurudiwa, kila marudio ni dakika nyingine za kuvuta kromiamu. Kazi iliyokwisha kurudishwa motoni mara nyingi kuliko maelekezo ya mtengenezaji ni heri ianzwe upya.

Jambo la pili kuhusu kundi hili ni beriliamu. Watengenezaji waliiongeza kwa karibu asilimia 1.5 hadi 2 ili aloi iyeyuke kwa joto dogo, imiminike vizuri na kushika kauri. Lakini metali inapopoa, beriliamu hujikusanya na nikeli kwenye sehemu zake peke yake, na sehemu hizo hulika haraka kuliko zilizozizunguka. Udhaifu wa namna hii umewahi hata kutumiwa kwa faida: mwaka 1982 Livaditis na Thompson wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, walieleza jinsi ya kuichonga aloi ya nikeli na kromiamu kwa asidi na umeme ili sehemu dhaifu ziyeyuke na kuacha matundu madogo ya kushikia saruji ya resini. Ndipo lilipopatikana lile daraja la meno linaloitwa daraja la Maryland. Kinachofanyika maabara kwa dakika chache hufanyika kinywani polepole kwa miaka. Na kwa fundi kuna hatari nyingine iliyo kubwa zaidi: vumbi la beriliamu likivutwa huharibu mapafu kwa ugonjwa usio na tiba ya kuumaliza. Viwango vya kimataifa vya leo haviruhusu beriliamu kuzidi asilimia 0.02. Aloi ya zamani iliyobaki kabatini bila lebo isiyeyushwe wala isisagwe.

Kobalti na kromiamu

Elwood Haynes, mvumbuzi wa Indiana, Marekani, alipata hataza ya aloi za kobalti na kromiamu mwaka 1907. Miaka ya 1930 aloi za ukoo huo ziliingia kwenye meno kwa jina la Vitallium, na hadi leo ndizo zinazobeba fremu nyingi za meno bandia ya kuvua. Kromiamu yake huwa kati ya asilimia 25 na 30, hivyo utando wake ni imara, na kwa kawaida hutoa ioni chache kuliko aloi za nikeli hata baada ya kuchomewa kauri.

Adui wake mkubwa ni kaboni. Kaboni hupenda kromiamu kuliko kitu kingine chochote ndani ya aloi, na zikikutana kwenye joto hujenga kabaidi ngumu kwenye mipaka ya fuwele. Kromiamu iliyofungwa ndani ya kabaidi haiwezi tena kujenga utando. Metali nayo hukakamaa, na kulabu ya meno bandia huvunjika pale mgonjwa anapoivuta.

Njia ya kaboni kuingia ni rahisi kuizuia. Usiyeyushe aloi ya kobalti, nikeli au paladiamu kwenye chungu cha grafiti. Tumia cha kauri. Kalibu nayo iwe ya aina isiyo na kaboni. Mwali wa gesi uwekwe sawasawa, usiwe na gesi nyingi inayoacha masizi. Aloi ikishayeyuka na kuwa tayari imiminwe mara moja, kwa sababu kuipasha kupita kiasi huchoma baadhi ya elementi zake na kukuza fuwele.

Kwa kazi zinazochapwa kwa leza kutoka kwenye unga wa metali, moto una kazi nyingine. Leza huyeyusha na kugandisha kila tabaka kwa kasi kubwa, na mkazo hubaki umefungwa ndani. Usipouondoa, daraja refu la meno hujipinda likikatwa kutoka kwenye sahani yake. Kila mtengenezaji wa unga hutoa ratiba yake ya kulegeza mkazo, na ratiba ya mmoja haifai kwa unga wa mwingine. Fanya kazi hiyo ndani ya gesi ya agoni pale maelekezo yanapotaka, maana hewa ya kawaida kwenye joto hilo huacha ganda nene la oksidi.

Dhahabu, fedha na shaba

Kwenye aloi za dhahabu, moto unaweza kuwa rafiki. Aloi ya dhahabu ikipoa kutoka kwenye kuyeyuka, sehemu zinazoganda kwanza hazilingani na zinazoganda mwisho. Zilizo na fedha au shaba nyingi huwa dhaifu mbele ya zenye dhahabu nyingi, na mate huziunganisha ziwe kama betri ndogo. Kuipasha aloi kwa nyuzijoto 700 kwa dakika 10 na kuizamisha majini hutawanya elementi sawasawa. Aloi huwa laini, na pia hustahimili weusi na ulikaji vizuri zaidi.

Tatizo ni kwamba metali laini haifai kwa kila kazi. Daraja au kulabu linahitaji ugumu, na ugumu huo hupatikana kwa kuipasha aloi tena kati ya nyuzijoto 200 na 450 kwa dakika 15 hivi, kulingana na aina. Hapo dhahabu na shaba hujipanga kwa mpangilio maalumu unaoipa nguvu. Lakini muda ukizidi, au aloi ikiwa na fedha nyingi na dhahabu kidogo, matabaka membamba yenye fedha na mengine yenye shaba huanza kujitenga kwenye mipaka ya fuwele, na salfa hupata mahali pa kuanzia. Kwa hiyo fuata mfuatano: lainisha kwanza, zamisha majini, kisha kaza kwa muda ulioandikwa bila kuzidisha.

Aloi zenye dhahabu nyingi husamehe makosa ya tanuru. Zile za bei ya chini zenye fedha hazisamehi. Paladiamu kidogo ndani yake husaidia sana kuzuia weusi, na ni jambo la kuuliza unaponunua.

Waya na lehemu

Waya za kunyooshea meno na krauni nyingi za meno ya watoto hutengenezwa kwa chuma cha pua chenye takriban asilimia 18 ya kromiamu na 8 ya nikeli. Chuma hiki kina ukanda wa hatari unaojulikana vizuri: kati ya nyuzijoto 400 na 900 hivi, kaboni hutembea hadi kwenye mipaka ya fuwele na kuungana na kromiamu. Pembezoni mwa mipaka hiyo chuma hubaki uchi, na ulikaji hupita humo humo hadi waya ukakatika kwa nguvu ndogo.

Lehemu ya fedha huyeyuka kwenye nyuzijoto 600 na kitu, katikati kabisa ya ukanda huo. Hakuna njia ya kuukwepa, ila kuna njia ya kupita upesi. Safisha waya, paka kiyeyushi chenye floraidi kinachoondoa oksidi ya kromiamu, na utumie sehemu ya mwali isiyo na oksijeni nyingi. Pasha moto mahali pa kiungo tu. Lehemu ikitiririka, ondoa mwali papo hapo na uzamishe kazi majini. Sekunde zinazopotea kwa kuupeleka mwali mbele na nyuma juu ya waya mzima ndizo zinazoleta uharibifu. Kiungo chenyewe kina shaba na zinki, ambazo mate huzila kabla ya chuma, kwa hiyo kisiachwe kinywani muda mrefu kuliko tiba inavyohitaji. Penye mashine ya leza, kulehemu bila kuongeza metali nyingine ni bora zaidi, kwa kuwa eneo linalopata joto ni dogo.

Kuna joto dogo lenye faida pia. Waya uliopindwa huweza kulegezwa mkazo kwenye nyuzijoto 370 hadi 480, kwa dakika chache tu ili usikae katika ukanda wa hatari, nao hushika umbo lake. Mafundi huangalia rangi: waya ukianza kuwa na manjano ya majani makavu, umetosha. Rangi ikifika bluu, oksidi imenenepa na chini yake kromiamu imepungua. Kwa vyovyote vile, rangi yoyote iliyoachwa na moto ing'arishwe hadi chuma kirudi weupe wake.

Titaniamu

Titaniamu huota utando wake wa oksidi yenyewe, nao ni miongoni mwa tando imara zaidi zinazojulikana. Lakini ikipata joto kubwa hunywa oksijeni kwa pupa, na ikifika nyuzijoto 882 fuwele zake hubadili mpangilio. Ndiyo maana kauri zake hutengenezwa ziive chini ya nyuzijoto 800. Kauri ya kawaida isitumike juu ya titaniamu. Kazi iliyomiminwa hutoka na ganda gumu lenye oksijeni nyingi, linalopasuka kwa urahisi; liondolewe lote kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa daktari, titaniamu ina adui mmoja wa kukumbuka: floraidi ndani ya asidi. Jeli ya floraidi yenye asidi inayopakwa kliniki huweza kuushambulia utando wake. Mgonjwa mwenye titaniamu kinywani apewe jeli isiyo na asidi.

Kanuni za tanuru

Tanuru hudanganya. Kipimajoto chake huzeeka, na kioo huendelea kuonyesha 960 wakati ndani kuna joto zaidi au pungufu. Njia ya kulipima ni ya zamani na haina gharama kubwa: waya mfupi wa fedha safi, inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 962. Weka kipande kwenye trei, panda hadi nyuzijoto chache chini ya hapo, kisha utazame. Waya unapaswa kuwa na kingo zake kali. Rudia kwa nyuzijoto chache juu ya hapo, na waya unapaswa kujikunja kuwa tone linalong'aa. Ukikuta tone katika jaribio la kwanza, tanuru lako ni kali kuliko linavyosema. Ukikuta waya umesimama katika la pili, ni baridi. Fanya hivyo kila baada ya muda uliopangwa, na uandike matokeo ukutani karibu na tanuru.

Umeme ukikatika katikati ya uchomaji, usiwashe programu upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Muda uliokwisha kupita motoni unahesabika. Acha kazi ipoe, ikague, kisha amua.

Tazama pia rangi ya metali inapotoka kwenye uchomaji wa oksidi. Kijivu kilichosambaa sawasawa ni dalili njema. Mabaka meusi hapa na kijani pale yanaonyesha uchafu, mafuta ya vidole au metali iliyochanganyika. Kazi kama hiyo isafishwe kwa kupuliziwa chenga za oksidi ya alumini na kurudiwa kabla ya kupakwa kauri.

Mabaki ya metali iliyokwisha kuyeyushwa yasitumike peke yake. Angalau nusu ya uzito iwe metali mpya, na ya aina ile ile, ya kampuni ile ile. Kila kuyeyusha huchoma elementi fulani na kuongeza uchafu.

Baada ya moto

Ulinzi wa mwisho uko mikononi, baada ya tanuru kuzimwa. Sehemu yoyote ya metali itakayogusana na mate ipuliziwe chenga, isagwe taratibu na kung'arishwa, ili ganda la oksidi ya moto na metali iliyopungukiwa na kromiamu viondoke. Metali safi iliyo chini hujenga utando mpya yenyewe. Zingatia hasa ukingo unaokutana na ufizi, kwani ndipo utando wa bakteria hukaa na ndipo doa la kijivu huanzia. Tumia gurudumu tofauti kwa kila aina ya aloi, usije ukapandikiza chembe za nyingine juu yake.

Viwango vya kimataifa vina kipimo cha ulikaji. Sampuli huzamishwa kwenye mchanganyiko wa asidi ya laktiki na chumvi, kwa nyuzijoto 37, kwa siku 7, na jumla ya ioni zinazotoka haipaswi kuzidi mikrogramu 200 kwa kila sentimita ya mraba. Unapopewa cheti, muulize muuzaji swali moja: sampuli hiyo ilipimwa baada ya kupitishwa kwenye joto la kauri, au ilipimwa ilivyotoka kwenye kalibu? Namba ya pili haikuambii kitakachotokea kinywani.

Daktari naye amuulize mgonjwa kama hereni au saa za bei nafuu humwasha ngozi. Anayewashwa huenda ana mzio wa nikeli, na aloi ya nikeli isifikiriwe kwake. Ufizi unaobaki mwekundu kuizunguka krauni moja tu, au ladha ya chuma isiyoisha, ni sababu ya kuiondoa na kuichunguza. Daktari pia asiweke dhahabu iguse jino lililozibwa kwa amalgamu, yaani mchanganyiko wa zebaki na metali nyingine.

Na wewe mgonjwa, omba jina la aloi liandikwe kwenye kadi yako pamoja na jina la mtengenezaji wake. Fundi aandike kwenye daftari la kazi joto alilotumia na idadi ya mara alizochoma. Siku tatizo likitokea, kumbukumbu hizo mbili ndizo zitakazoonyesha kama kosa liko kwenye metali au kwenye moto.